UZI: Kabla ya kusema wananchi ni wagumu, itazame kwanza fomu waliyopewa

#1 (mleta mada)

Habari wanajamvi.

Popote penye tatizo la kijamii, jibu la kwanza la wenye mamlaka huwa lile lile: wananchi hawana uelewa, waelimishwe. Watoto hawapelekwi chanjo, elimu. Kodi hailipwi kwa wakati, elimu. Watu hawatibu maji ya kunywa, hawaweki akiba, hawafiki mahakamani siku ya kesi, elimu tena: semina, mabango, matangazo ya redio. Nimekuwa nikifuatilia sayansi ya tabia, yaani utafiti wa namna watu wanavyoamua na kutenda, kwa muda mrefu, na naiweka hoja yangu mezani mapema ili anayetaka kuipinga aipinge kwa nafasi. Mara nyingi mtu anajua kabisa anachotakiwa kufanya, na anataka kukifanya. Anakwama njiani, kwenye vikwazo vidogo vidogo ambavyo mtunga sera mwenyewe aliviweka, au aliviona akavipuuza.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni huu. Marekani, serikali hutoa msaada wa ada kwa vijana wa familia zenye kipato kidogo wanaotaka kwenda chuo. Fedha ipo, sheria ipo, matangazo yapo. Ila kuipata lazima ujaze fomu ambayo wakati huo ilikuwa na maswali zaidi ya 100, mengi yakihusu kipato, kodi na mali za familia. Watafiti wanne, Eric Bettinger na wenzake, wakaingia makubaliano na H&R Block, kampuni inayosaidia watu kuandaa ritani za kodi. Mzazi anamaliza mambo yake ya kodi, bado yuko kwenye kiti mbele ya mhudumu, ndipo anapangwa kwenye kundi kwa bahati nasibu. Wa kundi la kwanza anaambiwa: taarifa zako nyingi tayari tunazo humu, tuimalizie na fomu ya mwanao sasa hivi? Ni kazi ya dakika chache. Wa kundi la pili anapewa elimu tu: makadirio ya msaada anaostahili, ada za vyuo vya karibu, kisha anahimizwa akaijaze mwenyewe. Kundi la tatu halipewi chochote.

Matokeo yalichapishwa 2012. Katika miaka mitatu iliyofuata, vijana wa shule waliokamilisha miaka miwili ya chuo walikuwa asilimia 36 kwenye familia zilizosaidiwa kujaza, na asilimia 28 kwenye zile ambazo hazikupewa kitu. Na waliopewa elimu bila msaada wa kujaza? Hawakuwa na tofauti yoyote na wasiopewa kitu.

Naomba hapo tutulie kidogo. Mzazi aliambiwa kiasi cha fedha ambacho mwanawe angepata. Alijua. Kilichombadilishia mtoto maisha ni mtu kukaa naye na kuimaliza karatasi.

Mfano wa pili unatoka Tangier, Morocco. Kaya zilizokuwa zikiteka maji kwenye bomba la umma zilipewa nafasi ya kuunganishiwa maji nyumbani kwa mkopo usio na riba. Kuomba kulihitaji kwenda ofisini na nyaraka. Florencia Devoto na wenzake wakachagua kaya kwa bahati nasibu, wakazipelekea maelezo mlangoni, wakachukua nakala za nyaraka pale pale nyumbani. Waliounganishwa walikuwa asilimia 69. Kwenye kaya ambazo hazikutembelewa, asilimia 10.

Afisa anayeiona ile asilimia 10 peke yake angeandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko, na ripoti ingepita bila mtu kuuliza. Hilo ndilo linaloniumiza. Fomu ndefu na safari za ofisini humchuja yule yule ambaye huduma iliwekwa kwa ajili yake: asiye na muda, asiyeweza kuacha kibarua, asiye na ndugu wa kumsaidia kusoma.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, mada nzito, hongera. Ila naona unaidharau elimu. Kama mtu hajui faida ya kitu, hata ukimpelekea mlangoni atakifungia mlango. Tusije tukaua kampeni za elimu kwa sababu ya tafiti mbili.

#3 (mleta mada)

Hoja nzuri, na siidharau elimu. Pale mtu asipojua, mfundishe. Ninachopinga ni kudhani kwamba hajui kabla ya kumuuliza.

Chukua klorini ya kutibu maji. Magharibi mwa Kenya ilikuwa ikiuzwa madukani kwa bei ndogo, watu wengi wakiijua kwa jina na kwa kazi yake, na bado waliokuwa wakiitumia nyumbani walikuwa wachache. Michael Kremer na wenzake wakaihamisha: tangi dogo la klorini likafungwa pale pale kwenye chanzo cha maji, bure, na koki inayotoa kipimo kimoja kinachotosha dumu. Unafika na dumu lako, unageuza koki mara moja, unakinga maji, unaondoka. Hukumbuki kununua, hupimi, na majirani mliopanga foleni nao wanakuona. Mpaka ufike nyumbani dawa imeshachanganyika. Matumizi yakapanda mara kadhaa kuliko dawa ya dukani. Somo halikuongezwa, kilichobadilika ni mahali na wakati wa tendo.

Wakati una nguvu kuliko tunavyodhani. Eneo hilo hilo, Kremer akiwa na Esther Duflo na Jonathan Robinson walichunguza kwa nini wakulima wengi wanasema watatumia mbolea msimu ujao na hawatumii. Wakati wa kupanda fedha ya mavuno imeshakwisha. Wakawafuata wakulima mara tu baada ya kuvuna, fedha ikiwa bado mkononi, wakawaambia: lipia sasa, mbolea utaletewa bure. Punguzo dogo la wakati huo liliongeza matumizi kiasi kinacholingana na punguzo kubwa zaidi lililotolewa baadaye, msimu wa kupanda ulipofika. Mpango wa ruzuku unaofunguliwa wakati mkulima hana kitu unagharimu zaidi na kufanya kidogo.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kampeni, nenda kwa watu ishirini hivi uwaulize: mnajua? mnataka? mbona hamjafanya? Wakijibu hawajui, endesha kampeni yako kwa nguvu zote.

#4

Mimi napita kwenye upande mwingine. Haya mambo ya kumsukuma mtu bila yeye kujua ni serikali kucheza na akili za watu. Leo wananisukuma nichanje, kesho wananisukuma nipige kura wanavyotaka. Nani kawapa ruhusa?

#5 (mleta mada)

Swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye uwanja huu, na halina jibu la mkato.

Kwa wasiofahamu chimbuko: Daniel Kahneman na Amos Tversky walianza miaka ya 1970 kuonyesha kwamba binadamu hukosea maamuzi kwa namna inayotabirika. Kahneman alipata Nobeli ya uchumi 2002. Richard Thaler, aliyeyaingiza hayo kwenye uchumi, aliipata 2017. Yeye na mwanasheria Cass Sunstein ndio walioeneza kuanzia 2008 wazo la kumsukuma mtu kidogo kuelekea chaguo bora bila kumnyima machaguo mengine. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza chini ya David Cameron ikaunda kikosi maalumu cha kazi hiyo, kikiongozwa na David Halpern, na nchi nyingi zikafuata.

Sasa hoja yako. Kwanza, hakuna fomu isiyoelekeza popote. Mfanyakazi mpya akiajiriwa, ama anaingizwa kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni mpaka aseme hataki, ama anaachwa nje mpaka aseme anataka. Lazima mwajiri achague moja. Brigitte Madrian na Dennis Shea walichunguza kampuni moja Marekani iliyobadili utaratibu huo tu. Waajiriwa wapya waliojiunga walipanda kutoka asilimia 37 hadi 86. Utaratibu wa zamani nao ulikuwa ukiwasukuma watu, ila kwenda uzeeni bila akiba, na hakuna aliyelalamika kwamba wanachezewa akili.

Pili, hofu yako nachukua. Thaler na Sunstein wenyewe waliweka sharti, wakilitoa kwa mwanafalsafa John Rawls: serikali isitumie mbinu ambayo isingeweza kuitangaza na kuitetea hadharani. Mimi naongeza jingine: kutoka kuwe rahisi kama kuingia. Ukiingizwa kwenye mfuko kwa siku moja halafu kujitoa kukuchukue miezi ya barua, hapo umenaswa. Kampuni nyingi za huduma za mtandaoni zinafanya hivyo kila siku, kujiunga kwa kubofya mara moja, kujitoa mpaka upige simu na kubembelezwa. Hasira yetu kubwa ningependa ielekee huko.

Kura ni suala jingine kabisa, na nakubaliana nawe pasipo sharti lolote. Anayeomba kuchaguliwa asiwe ndiye anayepanga namna utakavyochagua.

#6

Asante kwa uzi. Mimi ni nesi. Kliniki yetu hutuma ujumbe wa simu kuwakumbusha wagonjwa dawa na tarehe za kurudi. Mwanzo ulisaidia, sasa hivi ni kama hawausomi. Wakubwa wanasema tuongeze, tutume kila siku. Utafiti unasemaje?

#7 (mleta mada)

Dada, au kaka, usiongeze kabla hujasoma hili.

Kenya kulifanyika jaribio kwa watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, matokeo yakachapishwa 2011. Waliopokea ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dozi zao. Wasiopokea ujumbe, asilimia 40. Waliotumiwa kila siku hawakuonyesha nafuu ya maana kuliko wasiopokea. Ujumbe unaokuja kila siku mtu anauzoea, na huenda ukamchosha.

Jaribio jingine la Kenya, lililotoka kwenye jarida la Lancet 2010, ndilo linalonigusa zaidi. Kila wiki mgonjwa alitumiwa neno moja: "Mambo?" Hakukuwa na neno dawa, wala VVU, wala hospitali. Mtu mwingine akishika simu haoni siri ya yeyote. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Akijibu shida, au akinyamaza, mhudumu wa afya anampigia. Kati ya waliotumiwa ujumbe huo, asilimia 62 walishika dawa ipasavyo, kati ya wengine asilimia 50, na virusi vilidhibitiwa kwa wengi zaidi.

Tazama kinachoendelea hapo. Simu inamwambia mgonjwa kuwa yuko mtu anayemuuliza hali na atamfuata akikaa kimya. Kama ujumbe wenu unasema tu "Kumbuka tarehe yako ya kliniki" na hakuna anayepokea majibu, ningeanzia hapo. Na ujumbe uutaje muda: Katherine Milkman na wenzake waliwaomba wafanyakazi wa kampuni moja waandike tarehe na saa watakayokwenda kuchanjwa mafua. Waandike tu kwenye karatasi yao, hakuna anayeikusanya. Waliochanjwa waliongezeka kwa takriban pointi 4 za asilimia, yaani watu wanne zaidi katika kila mia. Ni kidogo, ila gharama yake ni wino.

#8

Mleta mada, vipi kuhusu rushwa na uchafu? Huko tumepiga kelele mpaka sauti zimekauka. Kila kampeni inaonyesha ukubwa wa tatizo, takwimu za kutisha, na mambo yako pale pale.

#9 (mleta mada)

Umegusa palepale. Takwimu za kutisha zinaweza kuwa ndizo zinazoharibu.

Binadamu huangalia wenzake wanafanya nini. Ukimwambia kila siku kwamba watu wengi wanatoa rushwa, umemweleza pia kwamba ndivyo watu wanavyoishi na asiyetoa atabaki nyuma. Nic Cheeseman na Caryn Peiffer waliwapima zaidi ya watu 2,000 Lagos, Nigeria. Baadhi walisomewa ujumbe wa kupinga rushwa wa aina mbalimbali, kisha wakashiriki mchezo wenye fedha halisi ambamo mtu angeweza kutoa hongo ili apate zaidi. Kwa jumla ujumbe haukuwafanya waache, na aina nyingine zikawafanya baadhi wahonge zaidi, hasa wale walioamini tangu mwanzo kwamba rushwa imeenea kila mahali. Robert Cialdini alikuta jambo la aina hiyo kwenye hifadhi ya miti iliyogeuka mawe huko Arizona. Kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi waliopita wameiba vipande vya miti kiliongeza wizi kuliko kibao kilichosema kwa upole tu usichukue.

Bogotá, Colombia, walijifunza hilo kwa shida. Mwaka 1997 sehemu ya handaki la maji ya jiji iliporomoka. Jiji likatangaza hatari ya upungufu, na matumizi yakaongezeka, maana watu walianza kuhifadhi maji kwenye kila chombo. Meya Antanas Mockus akabadili mwelekeo. Takwimu za matumizi zikachapishwa kila siku, watu wakaona wenzao wanapunguza na wakaona juhudi zao zina matunda. Yeye mwenyewe akatokea kwenye televisheni akioga, akifunga bomba wakati wa kujipaka sabuni. Matumizi yakashuka, na jiji likaendelea kutumia maji kidogo hata baada ya hatari kupita.

Serikali ya Uingereza ilitumia njia hiyo hiyo kwa kodi. Barua kwa waliochelewa ziliongezwa sentensi chache: watu tisa kati ya kumi hulipa kodi kwa wakati, na wewe kwa sasa uko kwenye wale wachache ambao bado. Malipo yaliongezeka kuliko kwa barua ya kawaida. Sentensi ile ilikuwa ya kweli, na hapo nasisitiza: kama hao tisa kati ya kumi hawapo, usiwabuni. Tafuta kilicho kweli, kama vile kwamba wanaolipa wanaongezeka.

Kuna na mahali ambapo wengi tayari wanataka jambo jema ila kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Abiria kwenye matatu inayokimbia hovyo, wote wana hofu, wote kimya. James Habyarimana na Billy Jack walibandika ndani ya matatu za Kenya vibandiko vinavyowahimiza abiria kupaza sauti, na kukawa na bahati nasibu ya zawadi kwa madereva waliovitunza. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima ya ajali kwenye magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Kibandiko kilimpa abiria ruhusa ya kusema kile ambacho alikuwa akikifikiria tangu dereva alipokanyaga mafuta.

#10

Nimesoma takwimu chuo, na lazima niseme. Nyanja hii imejaa matokeo yaliyokuzwa. Kuna tafiti hazikurudiwa, kuna data za kughushi. Mbona huyagusi hayo?

#11 (mleta mada)

Nayagusa, na nashukuru umeyaleta.

Mwaka 2012 ilitoka makala maarufu iliyodai kwamba mtu akitia saini juu ya fomu kabla ya kuijaza, anasema ukweli zaidi kuliko akitia saini mwishoni. Ofisi za serikali zilivutiwa, maana ni rahisi kiasi gani kuhamisha mstari wa saini? Mwaka 2020 waandishi wenyewe walirudia na hawakupata matokeo yale. Mwaka 2021 wachambuzi walionyesha kwamba data za jaribio moja, za umbali uliotembewa na magari yaliyokatiwa bima, zilikuwa za kubuni, na makala ikaondolewa. Ni aibu ya kweli kwa sayansi iliyokuwa ikifundisha uaminifu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwangu. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walikusanya majaribio yote ya vikosi viwili vikubwa vya Marekani, vya aina ya kile cha Uingereza, 126 kwa jumla, yaliyogusa watu zaidi ya milioni 23. Majaribio ya wasomi yaliyochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma yalikuwa na ongezeko la wastani wa pointi 8.7 za asilimia. Ya vikosi hivyo, ambayo yamehesabiwa yote hata yaliyoshindwa, yalikuwa na pointi 1.4. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na majarida kupenda matokeo ya kushangaza na kuyaacha mengine kabatini. Hata vibandiko vya matatu, vilipojaribiwa tena kwa magari mengi zaidi, upungufu wa madai ulikuwa robo hadi theluthi, chini ya ule wa kwanza.

Nafanya nini na hayo? Pointi 1.4 kwa mabadiliko ya barua ambayo tayari ilikuwa inatumwa kwa mamilioni ni watu wengi kwa gharama ndogo mno. Naichukua. Lakini nasikiliza pia kinachosemwa na ukubwa wa matokeo. Kubadili maneno ya barua kunaleta kidogo. Kumwondolea mtu safari, foleni na karatasi, kama Tangier, kunaleta kikubwa. Nikiulizwa fedha iende wapi, nasema iende kwenye kufupisha njia, na maneno matamu yasubiri.

#12

Hapo sasa umeanza kusema. Kwa mtazamo wangu hii sayansi inatumika kukwepa kazi ngumu. Hakuna dawa hospitalini, mnatuletea vibandiko. Mishahara midogo, mnatufundisha kuweka akiba.

#13 (mleta mada)

Nakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Wawili walio ndani kabisa ya uwanja huu, Nick Chater na George Loewenstein, waliandika 2022 kwamba wenzao, na wao wenyewe, walikazania mno kumrekebisha mtu mmoja mmoja wakati tatizo liko kwenye mfumo, na kwamba kampuni kubwa zilifurahia hilo kwa kuwa liliahirisha sheria na kodi. Naikubali.

Ila kuna sehemu ambapo sayansi hii imepigania mfumo. Kulikuwa na imani kwamba chandarua kikitolewa bure mtu hakithamini, atakifanya wavu wa samaki, kwa hiyo alipie kidogo ili akithamini. Inasikika kama hekima. Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakaipima Kenya kwenye kliniki za wajawazito. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, mahitaji yalianguka kwa pointi 60 za asilimia. Na waliolipia hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Hoja ya kuwatoza maskini "ili wathamini" ilikosa ushahidi, na utafiti huo ulitiliwa maanani sana kwenye mjadala wa kugawa vyandarua bure.

Na upande wa pili, mfano wa utaratibu mzuri usio na mfumo nyuma yake ni uchangiaji wa viungo vya mwili. Utafiti wa 2003 ulionyesha Austria, ambako kila mtu anahesabiwa amekubali mpaka akatae, ina waliokubali zaidi ya asilimia 99, na Ujerumani, ambako lazima uombe kuingia, asilimia 12. Wengi wakaishia hapo, wakadhani sheria moja itaokoa maisha. Hispania inaongoza duniani kwa muda mrefu, na ingawa sheria yake ya 1979 inamhesabu kila mtu kuwa amekubali, kwa vitendo familia huulizwa. Kinachofanya kazi ni shirika la taifa lililoundwa 1989 na waratibu, wengi wao madaktari wa wagonjwa mahututi, waliomo ndani ya hospitali na waliofunzwa kuzungumza na familia katika saa ile mbaya. Jina kwenye orodha halina faida pasipo watu hao.

#14

Mkuu nimefuatilia kuanzia #1. Niko kwenye ofisi ya umma, dawati la vibali. Sina bajeti wala kikosi cha watafiti. Naanzia wapi?

#15 (mleta mada)

Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Kwanza omba kibali kama mwananchi. Usitumie kitambulisho cha kazi. Pita kila dirisha, jaza kila kisanduku, toa kila nakala, na uandike pembeni kila mahali unapoambiwa "njoo kesho". Kisha kaa kwenye benchi na wateja, uangalie wanakunja uso kwenye swali lipi na wanamuuliza nini wa pembeni. Utashangaa ni maswali mangapi majibu yake ofisi yenu tayari inayo.

Baada ya hapo ichukue karatasi yenyewe. New York, takriban asilimia 40 ya walioitwa mahakamani kwa makosa madogo walikuwa hawafiki, na asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa. Watafiti walipoisoma ile karatasi ya wito, tarehe ya kufika ilikuwa chini, na onyo la kukamatwa lilikuwa nyuma. Ikapangwa upya: kichwa kinachosema wazi kwamba huu ni wito wa mahakama, chini yake siku, saa na mahali, na onyo likaletwa mbele. Wasiofika wakapungua kwa asilimia 13. Ujumbe wa simu wa kukumbusha ukawapunguza kwa asilimia 21. Watafiti hao hao, Alissa Fishbane, Aurélie Ouss na Anuj Shah, waliwauliza pia watu wa kawaida kwa nini wengine hawafiki. Wakakuta kwamba ukiamini mtu amekusudia kutofika, unapendelea adhabu kuliko kumkumbusha. Wenzako ofisini watakuambia hivyo hivyo kuhusu wateja wenu, jiandae.

Adhabu nayo ipime kabla. Haifa, Israeli, vituo vya kulea watoto vilianza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto, na wachelewaji wakaongezeka. Mzazi aliyekuwa akimwonea haya mwalimu sasa aliona amelipia muda. Faini ilipofutwa, kuchelewa hakukurudi chini.

Badili kitu kimoja tu kwa wakati. Kama una karatasi ya zamani na mpya, zichanganye kwa kurusha sarafu kwa kila mteja anayefika, ili usiwape mpya wale unaowaona werevu. Weka alama ndogo kwenye kona kujua nani alipata ipi. Hesabu wanaorudi na maombi yaliyokamilika safari ya kwanza, na hesabu pia wanaopotea kabisa, maana hao hakuna daftari linalowaandika. Matokeo yakiwa sifuri, yaandike na uyatundike hapa hapa kwenye uzi. Ukiweza, futa majina na namba zote kisha uweke picha ya fomu mnayotumia sasa, tuisome pamoja kisanduku kwa kisanduku.